Bi Futi Apima Mitaa

Katika ule mji mdogo hapakuwa na mtoto aliyesoma shule ya msingi bila kusimama mbele ya Bi Futi, mikono juu kama mfungwa, akizungushiwa utepe kifuani na kuambiwa aache kucheka. Miaka thelathini na mmoja alishona sare za shule. Utepe wake wa kupimia ulining'inia shingoni tangu asubuhi hadi jioni, sokoni na hata msibani, na ndiko lilikotoka jina lake. Lile alilopewa na wazazi lilibaki kwenye vyeti tu. Watu aliwakumbuka kwa vipimo. Mwalimu mkuu wa sasa, mwenye kipara na sauti ya kutetemesha madirisha, kwake alikuwa bado kiuno inchi ishirini, kaptula mbili, na mama aliyeomba pindo liachwe refu, "maana huyu anarefuka kama mgomba."

Kisha mambo yakaanza kumponyoka moja moja. Mumewe, aliyekuwa fundi bomba, alifariki. Miaka mitatu baadaye shule ikaacha kushonesha. Sare zikawa zinaletwa kwa lori, zimefungwa kwenye nailoni: kubwa, wastani, ndogo, kana kwamba watoto wote duniani wana miili mitatu. Halafu jicho la kulia likaanza kuingia ukungu, na daktari wa macho alikuwa jijini, safari ya siku nzima.

Binti yake wa pekee alifanya kazi jijini, katika maabara ya hospitali. Akapiga simu.

"Mama, hama. Njoo huku, chumba kipo."

"Chumba kipo, lakini mtaa sijauona. Nguo haikatwi kabla ya kupimwa, mwanangu. Nitakuja wiki mbili nizunguke. Nikipata mtaa unaonikaa, nitahama. Nisipopata, nitarudi kwangu nikafe na cherehani yangu."

"Mama, usianze mambo ya kufa."

"Haya, nikaishi nayo."

Binti alijua kwamba mama yake aliwahi kuishi jijini zamani, enzi za usichana, akifanya kazi katika kiwanda cha nguo. Lakini habari hiyo siku zote ilikuwa fupi. Mtoto akiuliza, mama alikumbuka ghafla kwamba kuna kitu jikoni kinaungua.

Basi akaja, na sanduku moja na utepe wake. Binti na mumewe waliishi ghorofa ya tano, na ngazi zile zilimtoa jasho. Siku mbili alikaa kochini akitazama paa za watu. Siku ya tatu asubuhi akajifunga kitambaa kichwani.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," akasema. "Na humu hamna hata udongo wa kulimia. Nani ananipeleka?"

Binti alikuwa zamu ya mchana. Ikabidi apelekwe na mkwe.

Huyu mkwe alikuwa mwalimu wa udereva, mrefu, mtu wa adabu mpaka adabu yenyewe ilimsumbua. Mbele ya mama mkwe hakuwahi kukunja nne wala kumaliza chakula kabla yake. Asubuhi, kabla wanafunzi hawajafika, gari la shule lilikuwa huru: gari dogo jeupe lenye herufi L kubwa nyekundu mbele na nyuma, na breki ya pili upande wa abiria, ya mwalimu kumwokoa mwanafunzi. Bi Futi akakaa hapo kwenye breki. Kila gari lilipotokea mbele, yeye alikanyaga. Mara ya kwanza kichwa cha mkwe kilienda mbele kikarudi. Mara ya tatu dereva wa teksi aliyekuwa nyuma yao akachungulia dirishani na kupaza sauti, "Mzee, bado hujafaulu tu?"

Mkwe atamwambiaje mama mkwe aondoe mguu?

"Mama," akasema taratibu, "hapo miguuni pana baridi. Ukiivuta nyuma kidogo utapumzika."

"Sisikii baridi."

"Ni baridi inayokuja polepole, Mama."

Bi Futi akamtazama, akatazama chini, akaiona ile pedali. Akacheka hadi machozi, na tangu hapo ule ugumu kati yao ukalegea.

Mtaa wa kwanza ulikuwa mpya, pembezoni mwa jiji. Nyumba nzuri za rangi ya krimu, kila moja na ukuta wake na geti lake. Walitembea dakika ishirini wakakutana na mbwa, walinzi wawili na bomba linalomwagilia majani peke yake.

"Wenyewe wako wapi?"

"Wako kazini, Mama."

"Na jioni?"

"Jioni wako ndani."

Bi Futi akatazama vipande vya chupa vilivyopangwa juu ya ukuta. "Hapa nikianguka bafuni nitaokotwa mwezi ujao na msoma mita," akasema. Wakarudi garini.

Mtaa wa pili ulikuwa nyuma ya soko. Huo ulimchangamsha. Watu walikuwa milangoni, wakiitana, wakigombana, wakikopeshana ndoo. Dalali akawaonyesha chumba cha chini, kimepakwa rangi juzi tu. Bi Futi alizunguka akiangalia kuta, kisha akainama polepole, akavua utepe shingoni na kupima kutoka sakafuni.

"Inchi kumi na tisa," akasema. "Maji yalifika hapa lini?"

"Maji gani, mama? Hilo doa tu."

"Doa halinyooki hivi, baba. Nimechora mistari maisha yangu yote."

Dalali akakumbuka kwamba ana mteja mwingine anamsubiri.

Mtaa wa tatu waliuona siku ya sita. Ulikuwa mteremkoni, nyumba ndogo zilizoshikana bega kwa bega, na kati ya safu na safu ngazi fupi za mawe. Mwenye nyumba, mstaafu wa reli, aliwafungulia chumba chenye jiko dogo na baraza mbele. Baraza lilitazama mashariki. Saa tatu ile, jua lilikuwa limelijaza lote, na Bi Futi alipoutoa mkono wake aliona mistari ya kiganja bila kukaza macho. Mwanamke wa jirani aliyekuwa akianika nguo akamsalimia kabla hajasalimiwa. Chini, mbali kidogo, ilisikika kengele ya shule.

"Huu je, Mama?" mkwe akauliza walipokuwa wakirudi.

"Si mbaya."

Mkwe akatabasamu kimoyomoyo. Siku alipokwenda kujitambulisha kwao binti kabla ya posa, alisikia kwa masikio yake mama mtu akimwambia binti jikoni: "Si mbaya." Na harusi ikafungwa.

Alidhani kazi imekwisha. Lakini kesho yake Bi Futi alishuka ngazi mapema, akakaa garini, mguu ameuvuta nyuma mwenyewe, akasema bila kumtazama, "Palikuwa na kiwanda cha nguo karibu na reli. Unapajua?"

"Kilifungwa zamani, Mama. Siku hizi ni maghala ya masofa. Si mahali pa kuhamia pale."

"Sijasema nahamia. Nimesema nipeleke."

Njia nzima alikuwa anahesabu kona. Paa la kiwanda likatokea, lile la meno meno kama msumeno, limeshika kutu. Akaomba washuke hapo, waende kwa miguu.

Alikuwa na miaka kumi na tisa alipoingia mtaa ule mara ya kwanza. Kiwanda kilimweka safu ya tano, karibu na msichana mwembamba aliyesema bila kupumua. Wote walimwita Kasuku. Kasuku alikuwa na nusu ya chumba kinachotafuta mtu. Chumba cha tatu kushoto, katika nyumba ya vyumba sita yenye ua mmoja na bomba moja. Kitanda kimoja, kwa hiyo walilala huyu kichwa huku, yule kichwa kule, na Kasuku aliongea hata usingizini. Kioo kimoja. Viatu vya kutokea jozi moja. Vilimbana Kasuku na kumpwaya Bi Futi, lakini Jumapili wasichana hawaangalii hayo, wanaangalia zamu ni ya nani.

Jumapili ndiyo ilikuwa siku yao. Walikuwa wakitembea jiji zima wakichagua mitaa ya kuishi watakapokuwa watu wazima. Walisimama mbele ya nyumba za wenyewe na kugawana. "Ile yangu." "Basi hii yangu, na ule mti." Kasuku alipenda roshani, apate mahali pa kuwapigia watu kelele. Bi Futi alipenda madirisha makubwa. Waligombania nyumba moja ya kona wiki mbili nzima, hawajui hata aliyeimiliki. Hawakuwa na kitu, na jiji lote lilikuwa lao. Raha ya namna ile Bi Futi hakuipata tena, hata katika ndoa yake, ambayo ilikuwa njema.

Iliisha kwa kola arobaini.

Barua ilikuja kutoka nyumbani kwamba mama yake ni mgonjwa sana. Asubuhi ile Bi Futi mwenyewe alikuwa na homa, mikono inatetemeka. Kasuku akamwonea huruma, akambadilishia kazi: akampa furushi lake la kola, rahisi, naye akachukua lile gumu la mifuko. Kila furushi lilikuwa na kikaratasi chenye namba ya mshonaji, na hakuna aliyekumbuka kubadilisha vikaratasi. Bi Futi alishona huku akili iko kwa mama yake. Mchana msimamizi alipoyafungua yale mashati, kola zote arobaini zilikuwa zimegeuzwa, ndani nje. Akasoma namba. Ilikuwa ya Kasuku. Akamfukuza palepale mbele ya safu nzima.

Kasuku alimtazama mwenzake mara moja tu. Bi Futi akainamia cherehani, akakanyaga. Akifukuzwa yeye, dawa za mama zitatoka wapi? Ndivyo alivyojiambia. Wiki tatu zaidi walilala kitanda kimoja, kichwa huku, kichwa kule, na neno hilo halikutoka. Kisha akaitwa nyumbani. Mama akapona, akaja mchumba, akaolewa, na hakuandika barua hata moja. Angeanzaje?

Sasa alikuwa kwenye kichochoro kilekile, na mkwe nyuma yake hatua tatu. Kabla hajauona ua aliisikia sauti.

"Zipu hii umeinunua wapi? Zipu ya kitoto! Unataka suruali ikuaibishe mbele za watu? Nenda kalete ya shaba!"

Kijana mmoja akatoka uani na suruali mkononi, ananuna. Bi Futi akasimama mlangoni. Bomba lilikuwa palepale, bado linadondosha. Mbele ya chumba cha kwanza, nyuma ya cherehani ya mkono, aliketi mwanamke mwembamba, kichwa cheupe, uzi mdomoni.

"Karibu, mama," akasema bila kuinua uso. "Zipu au kupunguza?"

"Kola," akasema Bi Futi. "Kola arobaini. Zimegeuzwa ndani nje."

Mikono ya yule mwanamke ikasimama. Akautoa uzi mdomoni, akaukunja kidoleni taratibu, ndipo akamtazama.

"Umechelewa kuzileta," akasema. "Miaka arobaini na miwili. Kaa."

Mkwe akaona haya, akageuka ili atoke. "Na wewe mrefu, kaa!" Kasuku akamwambia. "Ukisimama hapo unanizibia mwanga." Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, magoti karibu na masikio.

Bi Futi alikuwa ameyapanga maneno kwa miaka. Yote yakamkimbia. Akasema lililobaki: "Zilikuwa zangu. Sikusema."

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu palepale. Ulidhani sikuijua mishono yako? Wewe ulikuwa unafunga uzi mara tatu, mtu mwoga wa kufumuka. Mimi nafunga mara moja, ikifumuka ifumuke." Akaufungua uzi kidoleni, akaukunja tena. "Sikusema nami kwa sababu ya mama yako. Msimamizi angetufukuza wote wawili. Lakini nilikungoja uniambie mimi. Chumbani, tuko peke yetu. Usiku wa kwanza nikasema leo ataniambia. Wiki ikapita, nikasema labda kesho. Ulipofunga sanduku nikasema, basi, mlangoni. Ukaniambia nisisahau kufunga bomba."

Bi Futi akalia. Hakulia kwa ustaarabu. Alilia kama mtoto, pua na yote. Mkwe akatazama viatu vyake. Kasuku akamwacha alie, kisha akamrushia kipande cha kitambaa.

"Nilikukasirikia miaka kama sita," akasema. "Kisha nikazaa mapacha, nikakosa nafasi ya kukasirika. Futa uso. Hiyo ni bitana ya mteja, usiipengee."

Walikaa hadi ikambidi mkwe awapigie simu wanafunzi wake kuwaambia somo limesogezwa mbele. Chai ilinywewa. Habari za waume waliokufa zilielezwa, watoto wakahesabiwa. Kasuku alikuwa ameanza kazi ya zipu na pindo kwenye ua ule wiki ileile aliyofukuzwa, na hakuondoka tena. "Jiji lote tulilojigawia," akasema, "nimebaki na mita nne."

Chumba cha tatu kushoto kilikuwa wazi, kinatafuta mpangaji. Bi Futi akaomba aingie. Kilikuwa kidogo kuliko alivyokikumbuka. Kuta zimebadilishwa rangi, lakini nondo za dirisha zilikuwa zilezile, na ile moja iliyopinda kati. Akapima, maana mikono yake haikujua njia nyingine ya kushika mahali: futi tisa kwa nane. Akasimama katikati, utepe mkononi.

"Nitahamia hapa," akasema.

Mkwe akashtuka. Kasuku, aliyeegemea mlango, akatikisa kichwa.

"Choo kimoja watu ishirini, na magoti yako nimeyaona yanavyolia ukiinuka. Wewe hutafuti chumba, mwenzangu. Unatafuta usichana, na usichana haupangishwi. Umeona mitaa gani mingine?"

Bi Futi akamweleza ile ya kuta, ile ya maji, ile ya mteremkoni.

"Hiyo ya mteremkoni ina jua?"

"La asubuhi. Baraza zima."

"Hamia huko. Mimi nitakuja kukupigia kelele."

Jioni ile alimsimulia binti yake yote, mezani, hakuacha kitu. Binti alisikiliza, kijiko hewani. "Kwa hiyo," akasema mwishowe, "ndiyo maana nilipovunja sahani hukunichapa kwa kuvunja. Ulinichapa kwa kunyamaza." Binti akainuka, akazunguka meza, akamkumbatia kutoka nyuma.

Kuhama kulimchukua miezi miwili. Kule mjini kwake watu walipita kuaga, na wengi walikuja na nguo: vikaptula, vigauni vya bluu vilivyofifia, vilivyohifadhiwa makabatini bila sababu. Walitaka avione. Aligeuza kila kimoja upande wa ndani, akatazama mishono, akataja mwaka. Mwalimu mkuu naye alikuja. Alisimama katikati ya chumba kitupu akashindwa kuhutubia, mtu ambaye hotuba ndiyo kazi yake. Meza ya kukatia, ile ndefu yenye mikwaruzo ya mkasi ya miaka thelathini na mmoja, haikuingia kwenye lori. Akamwachia fundi wa jirani. Usiku ule aliulalia mkono wake kama mtu aliyeacha ndugu njiani.

Mteremkoni sasa ana mwaka na nusu. Anashona kidogo, pindo na vifungo, asubuhi tu wakati jua liko barazani. Jicho limepasuliwa, linaona vizuri kuliko la kushoto. Kasuku huja kila Alhamisi na furushi la zipu. Hupanda ngazi akilalamika tangu ya kwanza, na yule mstaafu wa reli husema anamsikia kabla hajafika kona. Wamekwisha kugombana mara mbili vibaya, kuhusu mahali pa kuweka kitanda na kuhusu bei za kutoza wateja, na mara zote mbili Alhamisi iliyofuata Kasuku alikuja.

Lakini asubuhi mapema, kabla mtaa haujaamka, Bi Futi hukaa ukingoni mwa kitanda na kwa muda hajui yuko wapi. Husikiliza mlango wa duka la jirani wa kule mjini kwake, uliokuwa ukikwaruza sakafu kila alfajiri, na hausikii.

Juzi binti yake alimpitia na nyanya na dawa, wakakaa barazani. Akamwuliza lile alilokuwa analizunguka mwaka mzima.

"Mama, unajuta?"

Bi Futi alikuwa anakata uzi. Akaumaliza kwanza.

"Asubuhi, ndiyo," akasema. "Ikifika saa nne nimeshasahau. Hebu nishikie hii suruali, nyoosha, isijikunje."